Migongo Sitini na Miwili

Hakuna uongo uliowahi kupita mbele ya kalamu yangu ukatoka salama. Niseme hivyo mapema, tuheshimiane. Mimi Sadrack, karani wa ofisi ya upelelezi hapa Butembo, huu ni mwaka wa pili naandika mahojiano. Wezi wa mbuzi, wezi wa mabati, wezi wa waume za watu, wote wamepita kwenye kile kiti. Inspekta Zorobabel anauliza, mimi naandika, na mara nyingi ninakuwa nimeshamjua mwongo kabla hajamaliza kukaa.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa sita mchana, lori likasimama mbele ya ofisi. Likamwaga watu. Walikuwa wakulima wa Mulekera, kule Beni, wamekula vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Katikati yao walimshika mama mmoja mikono yote miwili, kama jogoo anayepelekwa sokoni.

"Chef, tunamuleta!" walipiga kelele. "Amekula yetu yote!"

Wizi wenyewe ulikuwa hivi. Serikali ilitoa ruzuku ya msimu kwa wakulima sitini na wawili waliokimbia vita na kuacha mashamba yao ya kakao, ambao sasa wanalima vipande vya kukodi pale Mulekera. Kila mmoja angepewa kadi ya simu, na pesa ya mbegu na mbolea ingeingia humo. Kwenye kompyuta ya mradi, majina yote sitini na mawili yalionyesha kwamba wamelipwa. Pale Mulekera hakuna aliyeona hata kadi, na mvua ya kupandia ilikuwa imeanza kunyesha.

Inspekta alimkalisha yule mama.

"Jina?"

"Anne-Marie Kahongya."

"Kazi?"

"Mulimaji. Na présidente ya comité, mais tangu leo asubui sijui kama ningali."

"Listi ya majina, nani aliandika?"

"Ni miye. Nikaileta hapa Butembo kwa Salomon, agronome, bwana shamba wa mradi."

"Na kadi za simu?"

"Sikuonaka hata moja, chef."

Inspekta alisukuma karatasi mbele yake. "Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Karatasi inasema ulipokea kadi zote sitini na mbili."

Mama aliikaribisha karatasi puani, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena. "Salomon alisema ni ya kuonyesha nimeleta listi."

"Haukusoma?"

"Lunette yangu ya kusomea ilibakia kule tulikimbia vita. Sikupata ingine."

Nje walikuwa bado wanapiga kelele. Mmoja alisema atakaporudi atabomoa nyumba ya mama huyo. Mama alisikia, akafunga macho.

Inspekta Zorobabel hapendi kufunga wamama. Lakini sahihi ni sahihi. Alivua kofia yake, akaikuna kana kwamba ndiyo iliyokuwa inawashwa.

"Mama, unalala hapa ofisini, mu kasho, umefungiwa. Sheria inanipa saa makumi ine na munane. Kesho kutwa saa sita kamili, kama sina mutu mwingine, ninakupeleka parquet, kwa mwendesha mashitaka. Na parquet ikikupokea, utapandia mbegu mu gereza."

"Na batoto bangu?"

Niliandika swali lile pia. Kazi yangu ni kuandika.

Alasiri Salomon aliitwa. Alikuja na shati lililopigwa pasi na kompyuta ndogo ya mkononi. Salomon ni mume wa dada yangu Keren, jambo ambalo sikuona haja ya kulitaja ofisini. Ofisi ya polisi ina mambo mengi, mtu usiijaze na ya familia.

"Chef, hawa batu banataka kulipwa mara mbili," alisema. "Preuve iko hapa."

Akafungua picha. Zilikuwa sitini na mbili. Katika kila moja mkulima yuko shambani, ameinama na jembe mikononi, jina lake limeandikwa chini, na tarehe pembeni: Alhamisi, 14 ya mwezi wa nane. Lazima niseme ukweli, zilikuwa picha nzuri. Mwanga wa asubuhi unatoka upande mmoja, na udongo unaonekana hadi unyevu wake. Aliyezipiga alijua anachofanya. Kasoro moja tu: hakukuwa na uso hata mmoja. Ilikuwa migongo na makofia.

"Sura ziko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Programme ilitaka mulimaji akiwa ku kazi. Mutu akilima anaangalia udongo, chef. Haangalie wa picha."

"Siku hii uliwapa kadi?"

"Nilimupa présidente zote, iko sahihi. Yeye alibagawia, kisha tukabapiga picha ku mashamba yao, Mulekera."

Inspekta alizipitia moja moja. Yeye ni mtu wa Kindu. Anajua mto, anajua samaki, anajua mchele. Milima yetu bado anaisoma polepole.

"Sadrack, wewe mutoto wa huku. Haya majani ni nini?"

"Vitunguu, chef," nilisema.

"Vitunguu," alirudia, akanionyesha niandike. Nikaandika.

Kisha akaanza kurudi nyuma: picha ya hamsini, ya thelathini, ya tatu. Akaweka kidole kwenye kioo. "Monsieur Salomon, jembe hili limefungwa mpira mwekundu ku mupini."

"Ndiyo, chef."

"Na hili. Na hili. Na hili." Akahesabu hadi akachoka. "Walimaji makumi sita na mbili, jembe moja?"

Salomon alicheka. Anacheka vizuri shemeji yangu, ndivyo alivyompata dada. "Ni bakimbizi, chef. Banaazimana."

Inspekta alimruhusu aende, lakini kompyuta yenye picha alibaki nayo.

Asubuhi ya Jumatano nilimpelekea Mama Anne-Marie chai ya maziwa na mkate. Si kazi ya karani, najua. Alikuwa ameketi juu ya kitenge chake, mgongo ukutani, na hakuwa amelala.

"Wasingya, mwana wangu," alinishukuru. "Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama."

"Basi Mungu akuone."

Sijui kama aliona jinsi maneno yale yalivyonikaa. Chai alikunywa yeye, nikaungua mimi.

Saa mbili tulipanda pikipiki ya Luc, motard anayetubeba kila siku na kutudai kila Jumamosi. Luc mbele, Inspekta katikati, mimi nyuma na daftari kifuani. Tukateremka hadi Beni, baridi ikibaki nyuma yetu na joto likitungoja, hadi tulipofika Mulekera tumeshafungua vifungo vya shati.

Mzee Ananie, kiongozi wa mtaa, alitupokea mbele ya nyumba yake. Alikuwa anamenya maharage na hakuacha.

"Muzee," Inspekta alianza, "tarehe kumi na ine ya mwezi wa munane, Alhamisi. Batu bako walipigwa picha hapa?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Banasema walipigwa picha banafanya nini?"

"Wanalima."

Mzee aliacha maharage. Alimtazama Inspekta kama mtu aliyetukanwa lakini anataka kwanza ahakikishe amesikia vizuri.

"Alhamisi ile? Vagheni alikuwa anangali analala mu nyumba yake! Ule muzee alikufa Jumatano, tukamuzika Alhamisi saa kenda. Nani angeshika jembe?"

"Sielewi, muzee."

"Weye ni wa wapi?"

"Kindu."

"Ah. Basi tunakusamehe." Akajifuta mikono. "Sikia, chef. Maiti ikiwa mu mutaa, jembe inalala. Mpaka tumalize kumuzika, hakuna wa kulima, hakuna wa kupalilia. Udongo unangojea mutu wake wa kwanza. Mutu akishika jembe siku ile, analipa mbuzi, na wamama banakuja kumwimbia ku mulango mpaka anahama."

"Hata mtu mmoja hakulima?"

"Hata mulevi wetu anajua ile. Uliza nyumba yoyote."

Tuliuliza nyumba kumi na moja. Katika nyumba zote walitujibu vilevile, na katika mbili walitaka kujua ni mjinga gani aliyetutuma.

Inspekta alinigeukia polepole. "Sadrack. Wewe ni Munande, wa huku. Ulijua hii desturi?"

"Desturi nilijua, chef. Maiti sikujua."

Ilikuwa kweli. Siku ile nilijisifu moyoni kwamba angalau hilo lilikuwa kweli.

Inspekta alimwonyesha mzee zile picha kwenye kompyuta. Mzee aliangalia ya kwanza, akaita mke wake, wakaanza kucheka wote wawili hadi maharage yakamwagika.

"Chef, hii ni poireau! Inafanana na kitunguu, mais poireau huku kwetu, na hili joto? Ingekufa mbele ya kuota. Hii ni shamba ya baridi. Hii ni kule kwenu, juu."

"Mimi niliambiwa vitunguu," Inspekta alisema bila kuniangalia.

"Nani alikuambia?"

"Mutu mmoja wa muji."

Nilicheka ili iwe mzaha. Nilicheka peke yangu.

Sasa Inspekta alikuwa na uhakika kwamba migongo ile haikuwa ya watu wa Mulekera. Lakini ilikuwa ya nani, na shamba lilikuwa wapi? Hilo lilitatuliwa na Luc, ambaye hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tumesimama njiani anaongeza mafuta, akachungulia kompyuta juu ya bega la Inspekta.

"Chef, hii ya pembeni, nyeupe, si réservoir ya maji ya kule juu? Pale unatoka Butembo kuelekea Kirumba?"

Inspekta akakuza picha. Kwenye kona, nyuma ya mgongo wa arobaini na moja, kulikuwa na tangi jeupe lenye mstari wa buluu.

"Unapajua?"

"Bibi yangu, mama wa batoto bangu, anatoka pale. Ninapandaka kila wakati ananikimbia."

Alhamisi alfajiri ilipokucha vizuri tulikuwa tunapanda kile kilima. Zilikuwa zimebaki saa tano kabla ya parquet. Nilisema tumbo linaniuma. Inspekta akasema hata lake. Nilisema basi nibaki na pikipiki, nisije nikatapika kwenye shamba la watu, nikakaa pale na kofia ya Luc kichwani, ile ya kufunika uso wote, kioo kimeshushwa. Luc alinitazama.

"Unaogopa poireau?"

"Ninaogopa baridi."

Kutoka pale niliwasikia vizuri mno. Mwenye shamba alikuwa mama mwenye sauti ya kuita watu wa kilima cha pili, jina lake Kavuo.

"Mama, hili jembe lenye mpira mwekundu ni lako?"

"Ni langu. Juu ya nini?"

"Uliliazima mtu mwezi uliopita?"

"Salomon, agronome. Alikuja na vijana kumi hivi, bana masomo ya chuo. Banainama, banatoka, banabadilisha kofia na shati, banarudi kuinama. Nikauliza, mulikunywa nini? Akasema ni picha za kufundishia."

"Walikuwa peke yao?"

"Na kijana moja wa kupiga picha. Oh, ule! Alinikanyagia mistari mbili, anarudia nyuma nyuma na simu yake. Hata pardon hakusema."

"Unamjua?"

"Jina hapana. Mais nikimwona, ata mu giza ninamujua."

Ndani ya ile kofia jasho lilinitiririka hadi kidevuni.

"Basi, Mama, shuka Butembo leo kabla ya saa sita. Nitaandika maneno yako, utaweka sahihi."

"Na poireau zangu nani atalipa?"

"Tutaandika na poireau."

Kutoka kilimani tulikwenda moja kwa moja kupekua nyumba ya Salomon. Dada yangu Keren alifungua mlango, akaniona nyuma ya Inspekta, akafungua mdomo. Nilitikisa kichwa kidogo. Akaufunga. Kadi sitini na mbili zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa kwa uzi kumi kumi, kazi safi kama yote anayofanya Salomon. Chini yake ilikuwa hati ya kununua shamba.

Saa nne na nusu alikuwa kwenye kiti. Shati lile lile, pasi imeshatoka.

"Kadi ni za nani?"

"Za bale ba Mulekera."

"Pesa ni nani alitoa?"

"Ni miye."

"Ukanunua nini?"

"Shamba. Ndogo, chef. Ya kakao."

"Uliwaibia waliopoteza mashamba ili ununue shamba?"

Salomon alipoanza kusema hakuwa na sauti yake ya kuchekesha.

"Miye pia nilikuwa na shamba kule, chef. Hekta tatu. Kakao ya miaka saba, ilikuwa inaanza kuzaa vizuri. Nilikimbia siku moja na bale bale, njia moja, na godoro ku kichwa. Wakati nilianza kuingiza listi mu kompyuta ya mradi, niliandika jina yangu ya kwanza kabisa. Banaifuta. Banasema, weye ni agent wa serikali, hauna haki. Agent! Miezi kumi na ine serikali hainilipe. Niko ninaandika majina ya batu ya kusaidiwa, kila siku, na yangu ninaifuta na mukono yangu mwenyewe."

"Na Mama Anne-Marie?"

"Nilijua mutaanza na yeye. Nilifikiri mutamufungua mbio."

"Kwa nini?"

"Juu kila mutu anajua hawezi kuiba."

"Wale kila mutu walimuleta hapa wamemukamata mikono."

Salomon alishika kichwa.

"Swali la mwisho," Inspekta alisema. "Nani alipiga picha?"

Kalamu yangu ilisimama. Salomon aliinua macho, akanipitia bila kukaa kwangu, kama mtu anayeangalia dirisha.

"Kijana moja wa muji. Nilimukuta ku njia. Jina simujui."

Niliandika: jina hamjui. Mkono ulikuwa wangu, mwandiko ulikuwa mzuri. Uongo ule ulipita mbele ya kalamu yangu ukatoka salama, na mimi ndiye niliyeufungulia mlango. Na haukuwa wa kwanza. Kila Jumamosi ninapiga picha za harusi kwa simu, na mabibi harusi wananicheka. Salomon aliniahidi kamera ya kweli, yenye lenzi, kwa kazi ya asubuhi moja. Sikuuliza migongo ile ni ya nini. Alhamisi ile sikuuliza, na Jumanne, mama alipoletwa, sikuhitaji tena kuuliza.

Saa tano na robo Inspekta alifungua kasho kwa mkono wake. Hakumtuma mtu.

"Mama Anne-Marie, uko huru. Kadi tumezipata. Shamba litauzwa, batu bako watalipwa. Na nitashuka mwenyewe Mulekera niwaambie mbele ya kila mutu kwamba haukukula kitu."

Mama hakupiga vigelegele. Alikunja kitenge chake mara nne, taratibu, akaja ofisini kwetu kuchukua ndala zake. Aliponiona aliniwekea mkono begani. Inspekta alikuwa anatabasamu. Na mimi nilikuwa nimeshapata mzaha wa kusema, kuhusu chakula cha hoteli yetu.

Ndipo Mama Kavuo akaingia.

Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Alisalimia Inspekta, akasalimia ukuta, akafika kwangu, akasimama.

"Ah! Munamukamata tayari?"

"Nani, mama?" Inspekta aliuliza.

"Huyu wa picha. Huyu alinikanyagia poireau."

"Huyu ni karani wangu, mama."

"Karani wako alikuwa mu shamba yangu anapiga kelele: 'Inama, ficha uso, tunataka mugongo tu!' Ninakosea sauti? Aseme kitu!"

Inspekta hakunitazama bado. Alikuwa anatazama ukutani, kalenda, mwezi wa nane.

"Alhamisi ile," alisema polepole, "uliniomba ruhusa. Shangazi alikuwa hospitali."

Nilitafuta mzaha. Huwa ninao kumi mfukoni. Hakuna hata mmoja uliokuja.

Aliyesema ni Mama Anne-Marie. Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu.

"Hapana, mama. Unakosea," alimwambia Kavuo, kwa upole. "Huyu mutoto amenilisha mu kasho, hata hanijui. Iko na roho. Usimubebeshe mutu kitu hakufanya, mama yangu. Miye ninajua vile inauma."

Kavuo alisita. Aliniangalia tena, akaangalia mkono ule begani, na niliona anaanza kujiuliza. Inspekta naye aliniangalia, akingoja. Ilibaki ninyamaze tu. Kunyamaza siku tatu nilikuwa nimekuzoea.

"Hajakosea, mama," nilisema. "Ni mimi nilipiga."

Mkono ulitoka begani. Haukutoka kwa hasira. Ulitoka kama unavyoondoa mkono kwenye sufuria ukikuta bado ni ya moto. Inspekta alizunguka meza, akachukua kalamu mbele yangu, akakaa kwenye kiti changu. Mama Kavuo alikuwa anapiga makofi, anasema si aliwaambia, hata mu giza.

Mama Anne-Marie alinisogelea hadi karibu, kama alivyofanya na ile karatasi siku ya Jumanne, ili aone vizuri.

"Mwana wangu," aliuliza, "ile siku banafunga mulango ya kasho na miye ndani, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."